Alikwenda, akarudi

Hotuba hii, juu ya wanawake wa sheria na juu ya Dakta Asha-Rose Migiro wa Tanzania, niliitoa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, mbele ya wanasheria wanawake na wanafunzi wa sheria. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu wa Uvira, Walungu na Shabunda ambao barabara iliwazuia kufika.

Mama zangu, dada zangu, wadogo zangu wa fakilte ya sheria, na nyinyi baba na kaka mliokubali kuketi nyuma ili sisi tuketi mbele, jambo yenu.

Jana, siku ya wanawake, mji mzima ulikuwa kitenge kimoja, kuanzia Nguba hadi Panzi. Tulitembea, tuliimba, na jioni kila mmoja alirudi kwake kuwasha makaa. Sherehe ilikuwa nzuri. Leo nataka tukae chini, tuongee kazi.

Nitaanza na karatasi moja ambayo niliikosa.

Mwaka 2010 nilikuwa na lisansi ya sheria, na nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu. Shirika moja hapa mjini lilitafuta mwanasheria wa kuwashauri wanawake juu ya haki zao. Nilifanya mtihani, nikatoka wa kwanza. Siku ya kusaini mkataba, karani alitazama pete kidoleni mwangu, akaniuliza kwa upole: “Madamu, ruhusa ya bwana iko wapi?” Mume wangu alikuwa Shabunda kwa kazi, mahali ambapo simu haikushika. Nikaandika barua, nikawapa watu wa ndege ndogo zinazobeba kasiterite, madini ya bati, nikangoja. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Wiki ya tatu. Mume wangu alipoipata alijibu usiku uleule, akaweka sahihi, na juu ya sahihi akaweka alama ya kidole, ili mtu asije akaikataa. Jibu lilifika Bukavu siku ya Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia, kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Je, karani alinionea? Hapana, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Karani alikuwa na sheria mkononi. Kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 kilisema mke lazima apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa kazi ya mikono yake mwenyewe. Mimi, niliyesoma miaka mitano kuwatetea watu mbele ya tribinali, sikuweza kujifunga mwenyewe kwa kalamu yangu.

Kifungu hicho kilikaa miaka 29. Kilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Nani alikibadilisha? Tuliandamana, ndiyo. Tuliimba, ndiyo. Lakini siku ya mwisho walihitajika watu waliokaa mezani, wanaojua neno gani litoke na neno gani liingie, watu waliosoma sheria hadi wakaijua kama mama anavyojua chungu chake, kinaungua upande gani. Baadhi yao walikuwa walimu. Walitoka darasani, wakaenda mahali sheria inapoandikwa.

Hiyo njia ya kutoka darasani kwenda serikalini ndiyo nimekuja kuisema leo. Na nimekuja kusema zaidi juu ya njia ya kurudi, kwa sababu wengi wanaijua ya kwenda, ya kurudi wanaisahau. Ningeweza kuwatajia watu wengi. Nimemchagua mmoja, jirani yetu wa upande wa pili wa Tanganyika: Dakta Asha-Rose Migiro.

Wakubwa mnakumbuka Januari 2007. BBC Kiswahili ilitangaza kwamba Ban Ki-moon, katibu mkuu mpya wa Umoja wa Mataifa, amemteua mama wa Tanzania kuwa naibu wake. Nilikuwa kwa shangazi yangu Kadutu, tunachambua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Shangazi akanyamazisha watoto, akauliza: “Huyo mama anaongea Kiswahili?” Nikamjibu ndiyo, ni lugha yake. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Basi huko mbali kuna mtu anayeweza kunisikia bila mkalimani.”

Shangazi yangu hakusoma. Lakini alielewa siku ile jambo ambalo mimi nilichukua miaka kulielewa: kwamba kiongozi anapimwa kwa watu anaoweza kuwasikia.

Migiro alizaliwa Songea, kusini mwa Tanzania, tarehe 9 Julai 1956. Alisoma Weruweru, kisha Korogwe, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma sheria. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1980 na ya pili mwaka 1984. Kabla hajaingia chuo, mwaka 1975, nchi yake ilikuwa imepata waziri wa sheria mwanamke, Julie Manning, mwanasheria. Migiro alikuwa na miaka 19. Wadogo zangu, mnaona uzito wa jambo hilo? Msichana anaamka asubuhi, anasikia kwenye redio kwamba sheria ya nchi nzima iko chini ya mwanamke. Hakuna aliyemhubiria. Amesikia tu, na kitu kimoja ndani yake kimekaa mahali pake. Sisi tulikuwa na Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, Lovanium, mwaka 1964, na miaka miwili baadaye waziri. Yeye hakusoma sheria, alisoma sosholojia. Lakini mama yangu alilitaja jina lake kila mara niliposema nimechoka na daftari.

Kisha Migiro akaenda Ujerumani, mji wa Konstanz, akapata udokta wa sheria mwaka 1992.

Hapo nataka tusimame. Mnaujua mji wa Konstanz uko wapi? Uko kando ya ziwa. Uko mpakani, ukivuka mtaa unakuta nchi nyingine, Uswisi. Na ni pale mto Rhine unapotoka ziwani kuendelea na safari yake. Sasa nitazameni. Mji ulio kando ya ziwa, mpakani, pale mto unapotoka ziwani: si ni Bukavu hiyo? Si ni ziwa letu Kivu na mto wetu Ruzizi? Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilimwona mwanamke wa Songea, mbali na kwao, amekaa na kamusi ya Kijerumani, anatazama maji yanayofanana na haya yaliyo chini ya dirisha letu. Alikuwa na miaka 36 alipomaliza. Kuna wasichana hapa wana miaka 24 na wanalia kwamba wamechelewa. Mmechelewa wapi?

Mimi mwenyewe nilirudi kusoma nikiwa na watoto wawili. Nilisoma usiku wakati umeme wa Ruzizi unaporudi, na katika mtaa wetu ulirudi saa saba za usiku. Niliweka balbu iwe imewashwa muda wote, ili ukija uniamshe. Mtoto wangu wa kwanza alidhani watu wote wanasoma usiku. Nasema haya kwa sababu kuna mtu humu ndani anayewasha balbu hiyohiyo na anafikiri yuko peke yake.

Aliporudi Dar es Salaam, Migiro alifundisha. Aliongoza idara ya sheria ya katiba na utawala, baadaye idara ya sheria ya madai na jinai. Watu wanaipita haraka sehemu hii ya maisha yake ili wafike New York. Mimi siipiti, kwa sababu najua kazi ya kuongoza idara ilivyo. Ni kugawa kozi kwa walimu ambao kila mmoja anataka ileile. Ni kusoma madai ya mwanafunzi anayesema pointi zake zimepotea, na kuzitafuta hadi uzipate. Ni kumwambia mwenzako, mkubwa wako kwa umri, kwamba mitihani aliyoisahihisha hairidhishi. Ukiweza kufanya hivyo kwa haki miaka kadhaa, bila kununuliwa na bila kumvunjia mtu heshima, utakuwa umejifunza utawala kuliko vitabu vyote vya utawala. Idara ya chuo ni serikali ndogo. Anayeiibia ataiibia kubwa. Anayeitumikia ataitumikia kubwa.

Mwaka 2000 aliitwa serikalini, waziri wa maendeleo ya jamii, jinsia na watoto. Mwanzoni mwa 2006 akawa waziri wa mambo ya nje, mwanamke wa kwanza nchini mwake kukalia kiti hicho. Na sasa, ndugu zangu, habari yake inaingia katika habari yetu.

Tarehe 27 Januari 2006 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikaa kuzungumza juu ya amani, usalama na maendeleo ya Maziwa Makuu. Mwezi ule Tanzania ndiyo iliyokuwa inaongoza Baraza. Aliyekaa kwenye kiti cha mbele ni yeye, akiwa na wiki chache tu katika wizara. Siku hiyo lilipitishwa azimio 1653, juu ya vikundi vya silaha vinavyotutesa sisi hapa.

Mwaka uleule tulipata katiba yetu, tarehe 18 Februari. Mwaka uleule, tarehe 30 Julai, tulipiga kura. Nani alikuwa hapa siku hiyo? Nyosheni mikono. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na nilikuwa shahidi katika kituo kimoja Kadutu. Saa kumi na moja alfajiri mstari ulikuwa umeshashuka hadi barabarani. Kulikuwa na koko mmoja, bibi mzee, mgongo umepinda, amebebwa na mjukuu wake. Karatasi ya kura ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza. Koko akaishika kwa mikono miwili, akaipapasa, hakuitumbukiza sandukuni. Tukamwambia, koko, weka ndani. Akasema: “Niacheni kidogo. Tangu niwe mzee sijawahi kuulizwa kitu na serikali.”

Nilipokuwa namtazama koko, sikujua kwamba baadaye kidogo, kabla ya duru ya pili, msaada wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa uchaguzi wetu ungekuwa unaratibiwa na kamati ya mawaziri inayoongozwa na mama mmoja mwalimu wa sheria ya katiba. Nilikuja kulijua miaka mingi baadaye. Mwalimu wa sheria ya katiba! Jambo alilolieleza ubaoni, koko wa Kadutu alilishika kwa mikono yake.

Kisha tarehe 15 Desemba 2006, Nairobi, nchi 11 zilisaini Mapatano ya Usalama, Utulivu na Maendeleo katika Maziwa Makuu. Mikutano ya mawaziri iliyoyatayarisha iliongozwa na yeye. Wanafunzi wangu wanajua, nimewasomesha hadi wakachoka: ndani yake kuna itifaki ya kuzuia na kukomesha ukatili wa kingono dhidi ya wanawake na watoto, kuna itifaki ya mali ya watu wanaorudi makwao, kuna itifaki juu ya uporaji wa mali ya asili.

Naona nyuso zenu. Najua swali lililo ndani ya macho hayo, na ni haki yenu kuliuliza. Amani iko wapi? Mapatano yalisainiwa 2006, na 2012 Goma ilianguka mikononi mwa waasi. Mapatano yalisainiwa, na watoto wa Kavumu waliibwa usiku kutoka vitandani mwao. Karatasi ilifanya nini?

Siwezi kuwajibu kwa maneno matamu, nitakuwa nawadanganya, na mji huu umedanganywa vya kutosha. Nitawajibu kwa habari moja.

Mjane mmoja wa Kabare alikuja kwenye ofisi ambako nilikuwa natoa ushauri wa bure. Alikuwa na mabinti wanne, hana mvulana. Mumewe alikuwa amekufa miezi mitano nyuma. Shemeji yake alikuwa amemwambia: shamba lilitolewa kwa kalinzi, yaani mapatano ya ardhi ya kimila, na kalinzi ni ya wanaume, wewe na wasichana wako mrudi kwenu. Nilimsomea Sheria ya Familia. Kifungu cha 758 kinawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, hakisemi mvulana, hakisemi msichana. Na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Akasikiliza, akaniambia: “Mwanangu, yote umesema kwa Kifaransa.”

Alisema kweli. Nilikuwa nimemsomea haki yake katika lugha ambayo haikumfikia.

Nikakaa usiku mbili, nikaiandika kwa Kiswahili. Mwenzangu akaiweka katika mashi, lugha ya watu wa Kabare. Tukapanda Kabare, tukakaa na ukoo chini ya mti, wazee mbele, shemeji pembeni. Nikasoma. Mzee mmoja akauliza: “Sheria hiyo inatujua sisi?” Nikamjibu: “Baba, inawajua. Inasema mtoto wa ndugu yenu ni mtoto wa ndugu yenu.” Walizungumza hadi jua likashuka. Mjane alibaki na nyumba na shamba la migomba. Shamba la bondeni alilikosa, na hadi leo hajalipata. Nawaambia hilo pia, kwa sababu nataka mjue kazi hii ilivyo: unashika unachoweza kukishika, na unarudi kesho kwa kilichobaki.

Sasa, kama sheria ile isingekuwa imeandikwa, ningepanda Kabare na nini? Na huruma yangu? Huruma wanayo hata majirani. Na watoto wa Kavumu: mwezi wa Desemba 2017, pale Kavumu penyewe, mahakama ya kijeshi ilikaa, na watu 11 walihukumiwa, akiwemo mbunge wa jimbo. Wazazi walikuwa wamekaa pale pale wakisikiliza. Hukumu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitokana na vifungu vilivyoandikwa na watu, vikabebwa na mawakili ambao wengine wako katika chumba hiki na sitawataja kwa usalama wao. Dakta Mukwege, daktari wetu wa Panzi anayewatibu wanawake waliobakwa, alituletea Nobeli mwaka 2018, na mji wote ulisimama kwa furaha. Lakini yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kushona majeraha hakutoshi pasipo haki. Haki ni sehemu yetu sisi. Ni mlango wetu sisi, wanasheria.

Karatasi haileti amani. Karatasi inasubiri mtu wa kuibeba hadi Kabare.

Migiro alikaa New York kuanzia Februari 2007 hadi 2012. Kiti cha naibu katibu mkuu kilikuwa kimeanzishwa 1997 tu. Kabla yake walikikalia Mkanada na Mwingereza. Yeye alikuwa Mwafrika wa kwanza. Juu ya miaka ile wengine wameandika, mtasoma. Mimi nina haraka ya kufika alikorudi.

Kwa maana alirudi. Januari 2014 alipewa wizara ya katiba na sheria, wakati Tanzania inatafuta katiba mpya. Kazi ile haikufika mwisho. Bunge Maalum la Katiba liligawanyika, upinzani ukatoka nje, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na hadi leo haijafanyika. Mwaka 2015 aliomba chama chake kimteue kugombea urais, akafika tatu bora, wawili kati ya hao watatu wakiwa wanawake, akashindwa. Mwaka 2016 akateuliwa kuwa balozi London. Nayasema haya makusudi. Wadogo zangu, msimfanye sanamu. Mwanamke wa kazi ya umma ana siku za kushindwa mbele ya watu wote, na siku inayofuata anaamka, anafunga kitambaa, anaenda kazini.

Lakini kuna kazi nyingine aliyopewa baada ya kurudi. Haikupigiwa kelele, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Aliwekwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Kwetu tumezoea rekta, mtu anayetawala chuo kila siku. Kwao Mkuu wa Chuo yuko juu zaidi na mbali kidogo: Makamu wake ndiye anayeendesha, yeye ndiye anayesimama siku ya mahafali na kuwatunuku watu shahada zao. Sawa. Lakini tazameni ni chuo gani. Kilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1992. Huria: maana yake huachi kazi yako ili usome, huachi shamba, huachi watoto. Chuo kina vituo mikoani, na masomo yanakufuata ulipo. Polisi anasoma. Mwalimu wa shule ya msingi anasoma. Mama wa miaka 50 anasoma. Sasa mfikirieni mwanamke huyu. Amekaa kwenye kiti cha Baraza la Usalama, ameongea na marais, na anasimama kumvalisha heshima mama aliyesoma sheria huku anauza nyanya. Alipanda hadi juu kabisa, kisha akashuka kushika mlango ili wengine waingie.

Alikwenda, akarudi. Ni wangapi kati ya wakubwa wetu wamekwenda? Wengi. Kinshasa imejaa. Ni wangapi wamerudi?

Niruhusuni niwaambie habari ya mwisho, halafu niwaache.

Mwaka juzi, katika darasa langu la mwaka wa kwanza, kulikuwa na mama wa miaka 43. Vijana walimwita Mama Profa, kwa mapenzi. Anauza sambaza katika soko la Nyawera. Boti za wavuvi zinafika asubuhi, anapokea mzigo, anauza, saa mbili anakimbia darasani, mikono inanuka samaki, na anakaa mstari wa mwisho kwa sababu ya harufu hiyo. Nilimwambia aje mbele. Hakutaka. Nikahamisha meza yangu, nikafundishia kutoka nyuma. Alikuwa na akili ya sheria ambayo sijaiona mara nyingi. Niliwauliza wanafunzi mkataba ni nini. Wote walisoma kwenye daftari. Yeye alisema: “Ni lile neno ambalo likivunjwa, mimi nalala njaa na mwingine analala ameshiba.” Sijawahi kupata maelezo bora zaidi.

Aliacha mwezi wa nne. Kwa nini? Minervali, karo ya chuo, ilitakiwa ilipwe nusu kwa mara moja, tarehe fulani, na likelemba yake, zamu yake ya kupokea michango ya kikundi cha akiba, ilikuwa inamfikia wiki mbili baada ya tarehe hiyo. Wiki mbili! Aliomba angojewe. Akaambiwa kanuni ni kanuni. Ni chuo gani, sitasema. Nilikuwa nafundisha humo, na aibu ni yangu pia. Nilijua habari hiyo akiwa ameshaondoka. Nilikuwa nafundisha mwaka mzima haki ya mwanamke kupata elimu, na mwanamke alipita mbele yangu akitoka, sikumwona.

Mama zangu, dada zangu, mmeona jambo linalonikosesha usingizi? Mimi nilikosa kazi kwa wiki tatu za barua. Yeye alikosa chuo kwa wiki mbili za likelemba. Kifungu cha 448 kimekufa. Lakini kuna vifungu vingine visivyoandikwa mahali popote, tarehe, saa, foleni, na vinafanya kazi ileile. Sheria ya usawa ya tarehe 1 Agosti 2015 tunayo. Kifungu cha 14 cha katiba tunacho. Vinangoja watu watakaoingia katika baraza za vyuo vyetu, watakaokaa kwenye meza inapopangwa tarehe ya minervali, na kusema: tarehe hii inamtoa nani nje?

Ndiyo maana nawaomba wenye shahada waliomo humu wasiikimbie kazi ya chuo. Najua mshahara wake. Najua miezi inayopita bila mshahara. Najua mashirika yanalipa zaidi. Nendeni, fanyeni kazi huko, kuleni, jengeni nyumba, sitawahukumu. Lakini rudini. Hata kozi moja. Hata Jumamosi moja. Gombeeni ukatibu wa fakilte, gombeeni ukuu wa idara, kaeni kwenye mikutano ile mirefu inayochosha, kwa sababu mama wa sambaza yuko kwenye karatasi zinazopitishwa katika mikutano ile, na hakuna mwingine atakayemtaja.

Wenzangu wanne nami tumeshaanza kidogo. Chumba tumepewa, karibu na soko la Kadutu, kila Jumamosi kuanzia saa nane. Tutawasaidia akina mama wanaotaka kumaliza diploma ya serikali, ya sekondari, na wale walioacha chuo katikati kama yeye. Tunafundisha kwa Kiswahili kwanza, halafu tunavuka kwenda Kifaransa. Tuna mfuko mdogo wa kumkopesha mtu minervali hadi likelemba yake imfikie, na mfuko huo unahitaji watu. Tunahitaji pia mwalimu wa hesabu na mtu wa kuangalia watoto wadogo.

Wiki iliyopita nilishuka Nyawera asubuhi kumtafuta. Nilimkuta, ndoo ya sambaza mbele yake, na chini ya ndoo, kuzuia maji yasimwagike, amekunja daftari la kozi yangu. Nilimweleza habari ya chumba. Hakunijibu mara moja. Alimpimia mteja, akapokea franga, akarudisha chenji. Kisha akaniuliza: “Madamu, nikija na harufu hii?”

Nimemwambia meza yangu bado iko nyuma.

Karatasi ya majina iko pale mlangoni, na kalamu mbili. Aksanti sana.